Joto likipanda, hofu ikafuata: namna ya kuipita miaka ya kuelekea kukoma hedhi ukiwa na wasiwasi

Nilikuwa ubaoni, darasa la tano, tukijifunza sehemu, joto liliponianza kifuani. Likapanda shingoni, likafika masikioni, chaki ikalowa vidoleni mpaka ikakatika. Kabla jasho halijakauka moyo ulishakwenda mbio, na kichwani ikaja sauti ileile niliyoizoea tangu ujana: unaanguka mbele ya watoto, leo ndiyo mwisho. Nikatoka nje, nikashika ukuta. Joto lenyewe lilipita kwa dakika tatu nne. Hofu iliyobaki ilikaa nami siku tatu, na kila asubuhi nikipanda kilima kwenda shuleni nilikuwa nausikiliza mwili wangu kama mtu anayesubiri habari mbaya.

Nina miaka 48, naishi Bukavu, mashariki mwa Kongo, na wasiwasi nilikuwa nao zamani, kabla mwezi wangu haujaanza kuyumba. Nawaandikia wanawake wenye yote mawili. Mimi ni mwalimu. Haya ni yale niliyofundishwa na daktari wa wanawake na mwanasaikolojia, nikayajaribu kwa mwili wangu. Lililonisaidia kuliko yote ni kutenganisha. Joto ni kitu kimoja, hofu ni kingine, na kinachopoza kimoja mara nyingi hakigusi kingine. Nilipoteza karibu miaka miwili nikitafuta dawa moja ya vyote.

1. Jua mwili unafanya nini

Kukoma hedhi, kwa hesabu ya madaktari, ni pale unapotimiza miezi 12 bila kuona damu. Wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla yake kuna kipindi cha miaka kadhaa, minne kwa wengi, zaidi kwa wengine, ambapo mayai yanakaribia kwisha na homoni zinakosa utaratibu. Watu husema homoni "zinapungua", na neno hilo linapotosha. Mwezi mmoja estrojeni, homoni kuu ya kike, inaweza kupanda kuliko ulivyozoea, mwezi unaofuata ikaporomoka. Huko kuyumba ndiko kunakotutesa.

Estrojeni inagusa sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Ikiyumba, sehemu hiyo inakosa uvumilivu. Badiliko dogo ambalo jana usingelisikia linatosha kuifanya ifungue mishipa ya ngozi, itoe jasho na kuuhimiza moyo, kana kwamba umekaa katikati ya majiko mawili ya makala. Projesteroni nayo, homoni nyingine ya kike, ikivunjwavunjwa mwilini, hutoa kitu kinachotuliza ubongo. Katika miaka hii huadimika mapema, kwa kuwa miezi mingine yai halitoki kabisa. Ndiyo maana mwenye wasiwasi hupata shida maradufu: mtulizaji wake anaondoka wakati uleule moyo unapoanza kudunda bila kutumwa. Na kama ulikuwa ukihangaika sana siku za kabla ya mwezi, au baada ya kujifungua, usishangae hali ikirudi kwa nguvu sasa. Nimeona wanawake wakipelekwa kuombewa usiku kucha kwa jambo hili, na wengine wakimshuku mkwe au jirani. Kuomba kunaweza kukupa nguvu. Kumshuku jirani kutakuongezea hofu tu.

Dalili nyingine ni usingizi kukatika, kusahau maneno katikati ya sentensi, hasira za ghafla, viungo kuuma, ukavu ukeni, na damu inayokuja baada ya siku 20 au kukaa miezi mitatu. Kwenye vituo vya afya utasikia joto hilo likiitwa kwa Kifaransa "bouffées de chaleur". Likariri neno hilo, litakurahisishia maongezi.

2. Fungua daftari

Nunua daftari dogo la mwanafunzi. Chora safu nne: saa, joto, hofu, na kilichotangulia. Kila jioni ongeza kama uliona damu na kwa kiasi gani, na ulilala vipi. Fanya hivyo wiki sita bila kuruka, maana mwezi unaoyumba hausomeki kwa wiki mbili.

Hii ni sehemu ya ukurasa wangu mmoja:

Jumanne, saa 4 asubuhi. Joto: ndiyo. Hofu: ndiyo, baada ya joto. Kabla: kahawa vikombe viwili, nimepanda kilima haraka.

Jumanne, saa 9 usiku. Joto: ndiyo, shuka limelowa. Hofu: kidogo, halafu kubwa nilipoanza kuhesabu mapigo ya moyo.

Alhamisi, saa 12 jioni. Joto: hapana. Hofu: kubwa. Kabla: mtoto amechelewa kurudi kutoka Kadutu, simu yake haipatikani.

Tazama tofauti. Jumanne mwili ulianza, akili ikafuata na kutafuta maelezo: moyo unadunda, basi lazima kuna hatari. Alhamisi akili ilianza, na ilikuwa na sababu. Ningechukua dawa ya joto Alhamisi ile isingenisaidia lolote; nilihitaji kumpigia simu jirani yake wa dukani. Mstari wa pili nao ulinifundisha jambo ambalo sikulijua: kuhesabu mapigo ya moyo, nilikodhani ni kujichunga, ndiko kulikoikuza hofu. Tangu hapo, nikiamka usiku sishiki tena kifundo cha mkono.

Usipende kuruka hatua hii kwa kuwa inaonekana ndogo. Kurasa hizo ndizo utakazompa muganga, yaani daktari au muuguzi wa kituoni, na zinasema vizuri kuliko mdomo wa mtu aliye na hofu.

3. Kapimwe, hata kama una hakika

Mara ya kwanza nilikwenda kituo kimoja kilicho juu ya mteremko mkali. Nilifika nahema, joto likanishika mlangoni, wakanifunga kipimo cha tansio, yaani shinikizo la damu, papo hapo. Ikasoma 152 kwa 96. "Mama, una tansio," nikaandikiwa vidonge. Baadaye daktari mwingine alinikalisha kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, akapima mara mbili, na akarudia siku nyingine. Ilikuwa 124 kwa 80. Omba upimwe hivyo, bila aibu. Lakini kama tayari unameza dawa za tansio, usiziache kwa sababu ya simulizi yangu. Omba kwanza upimwe upya.

Jasho na moyo kwenda mbio vina sababu nyingi, na katika mji wetu baadhi ni za kawaida sana. Muulize muganga kuhusu malaria, upungufu wa damu, sukari, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kifua kikuu pia hutoa jasho la usiku; ukikohoa wiki mbili au zaidi, au ukipungua uzito bila kujua kwa nini, peleka makohozi yakapimwe. Virusi vya Ukimwi vipimwe kama hujapima karibuni. Na mimba! Mwanamke wa miaka 46 aliyekosa mwezi anaweza kuwa mjamzito, hata kama shangazi zake wote wameapa kwamba amekwisha "kufunga".

Kupimwa homoni zenyewe mara nyingi ni kutupa pesa ukiwa umepita miaka 45: leo ziko juu, wiki ijayo ziko chini. Dalili na umri vinatosha. Hali ni tofauti kwa mwanamke wa chini ya miaka 40 ambaye damu imekatika; huyo apimwe kweli, kwa sababu mifupa na moyo wake vinahitaji ulinzi mapema. Na kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kukosa damu hakukuambii kitu, mweleze muganga.

Usisubiri daftari lijae katika mambo haya: damu inayojaza pedi kila saa kwa saa mbili au zaidi, damu baada ya tendo la ndoa, damu inayorudi baada ya mwaka mzima bila kuiona, maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, kuzimia. Damu ya baada ya tendo au baada ya mwaka inahitaji uchunguzi wa mlango wa kizazi na wa mji wa mimba. Daktari wa wanawake utampata kwenye hospitali kuu ya mkoa au hospitali ya Panzi.

4. Joto likija mbele za watu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapoaibika na ndipo hofu inapozaliwa.

Kwanza, lipe jina. Kimya kimya, kwa lugha yako: "Ni joto. Linakuja, linapita." Joto moja kwa kawaida hudumu dakika moja hadi tano. Mimi hutazama saa ya ukutani. Mara ya kwanza niliyoitazama na kuona limekwisha baada ya dakika tatu, nilitaka kulia kwa nafuu, kwa sababu siku zote nilidhani linachukua nusu saa. Nusu saa ile ilikuwa hofu.

Pili, ufungue mwili. Vaa tabaka nyembamba, shati la pamba chini ya sweta ambalo unaweza kulivua bila kujivua mbele za watu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ni baridi, na tunajifunika nguo moja nzito ambayo haivuliki. Badilisha hilo. Beba kitambaa na chupa ndogo ya maji. Ndani ya teksi kaa dirishani.

Tatu, pumua. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, mara kumi. Niseme kweli hapa, kwa sababu niliwahi kukata tamaa kwa kutoijua: kupumua hivi hakuzimi joto. Jasho litatoka vilevile. Kunazima kile kinachofuata, yaani kuhema haraka kunakoleta ganzi vidoleni na kizunguzungu, ambavyo mwenye wasiwasi huvisoma kama kifo. Ukingoja joto likatike kwa kupumua, utasema njia haifanyi kazi na utaiacha. Pumua kwa ajili ya hofu, vua sweta kwa ajili ya joto.

Nne, usikimbie. Hili ni gumu. Nilipotoka darasani siku ile, mwili wangu ulijifunza kwamba darasa ni mahali pa hatari na kwamba ukuta wa nje uliniokoa. Wiki iliyofuata nilianza kuogopa darasa lenyewe. Mwanasaikolojia alinirudisha kidogo kidogo: kwanza kubaki mlangoni, kisha kukaa kitini pangu, kisha kuendelea kuandika. Sasa nawaambia watoto, "Nakilini kimya dakika mbili," nakaa, napumua. Hawajui kitu, na hata wakijua si neno. Kama una meza ya biashara sokoni, mwambie jirani yako wa meza: "Dada, nikikaa ghafla nishikie wateja kidogo." Mtu mmoja anayejua anapunguza nusu ya aibu.

Tano, andika kwenye daftari, halafu endelea na kazi.

5. Usiku

Weka kando ya kitanda nguo kavu ya kulalia, taulo, maji na tochi. Tandika kikwembe (kitenge) cha pamba juu ya godoro. Ukilowa unakivuta na kukitupa chini bila kubadilisha kitanda kizima gizani. Tumia mashuka mawili mepesi badala ya blanketi moja zito. Amka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Na ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani, kaa mahali pengine pasipo mwanga mkali, rudi usingizi ukija, ili kitanda kisigeuke mahali pa kuhangaikia.

Bukavu tuna jambo la ziada. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, wasiwasi wa wengi wetu una sababu ambayo hakuna homoni inayohusika nayo. Baadhi ya miongozo ya wasiwasi humfundisha mtu kujiambia "hakuna hatari". Mimi siwezi kujidanganya hivyo, na nikijidanganya akili yangu inajua. Nilichofundishwa ni kufanya maandalizi mchana: mfuko wenye vitambulisho, dawa na pesa kidogo, chumba kilicho mbali na madirisha kinachojulikana na kila mtu nyumbani, namba mbili za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Tukishaweka hayo, usiku sipangi tena. Nikiamka ghafla nagusa kwanza shingo yangu. Ikiwa imelowa na nje ni kimya, ni joto: kikwembe, maji, nguo kavu. Ikiwa nje kuna sauti, tunafuata kile tulichokwisha panga. Katika hali zote mbili mikono inajua la kufanya, na hofu inabaki na nafasi ndogo.

Habari za kwenye simu nazizima zikiwa zimebaki saa mbili nilale. Na saa 11 jioni najipa dakika 20 za wasiwasi rasmi: naandika yote nyuma ya daftari, napiga mstari chini ya yale ninayoweza kufanyia kitu kesho. Wazo likija saa 9 usiku naliambia lisubiri saa 11. Mwanzoni halikusikia. Baada ya wiki tatu lilianza kusikia.

6. Chakula na vinywaji, kwa ufupi

Kahawa na kasiksi (pombe ya ndizi): jaribu wiki mbili bila, utazame daftari. Kwangu kahawa ya mchana iliharibu usiku, ya asubuhi haikufanya kitu. Bia inaleta usingizi na kuuiba saa 8 usiku. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, huliwa pamoja na mifupa yao, hivyo wana kalisiamu nzuri kwa mifupa yako, na lengalenga na maharagi vitasaidia kurudisha damu uliyopoteza, hasa ukikamulia ndimu na kuacha chai hadi saa moja baada ya chakula. Wauzaji wa soja watakuambia inakata joto. Ni chakula kizuri, ule, lakini utafiti haujaonyesha kwa uhakika kwamba inakata. Kutembea vilima vyetu vilevile: kunasaidia usingizi, mifupa na hofu, lakini si lazima kupunguze joto.

7. Dawa

Kinachokata joto vizuri zaidi ni homoni: estrojeni, pamoja na projesteroni kama bado una mji wa mimba, maana estrojeni peke yake huukuza ukuta wake na inaweza kuleta saratani. Ile ya kubandika au kupaka kwenye ngozi haiongezi hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyoiongeza. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda, ugonjwa mkali wa ini, au anayetoka damu isiyojulikana sababu yake, asiguse bila daktari bingwa. Zinapotumiwa pamoja kwa miaka mingi huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti. Hilo ulizungumze na daktari kwa umri wako na historia ya familia yako. Usinunue kwa kuelekezwa na muuzaji wa farmasi.

Kuna dawa za wasiwasi ambazo hupunguza na joto pia, kama venlafaksini na esitalopramu. Kwa mwenye yote mawili hilo ni jambo la kuulizia. Jua mapema kwamba huchukua wiki kadhaa kutuliza wasiwasi, na siku za kwanza zinaweza kuuongeza kidogo. Wengi huacha hapo, wakiwa karibu kufika. Ukitaka kuziacha, punguza taratibu ukiongozwa na daktari. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, amwambie daktari kabla, kwa sababu paroksetini na fluoksetini, dawa nyingine za wasiwasi, huidhoofisha.

Diazepamu ni habari nyingine. Inatuliza jioni hiyohiyo, ndiyo hatari yake. Ndani ya wiki chache mwili unaizoea na kuidai, na pamoja na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Kama umeitumia miezi mingi usiikate ghafla, unaweza kupata degedege. Nenda upunguziwe.

Tiba ya mazungumzo, ile inayofundisha kupima mawazo na kurudi polepole kwenye unachokiogopa, ina ushahidi mzuri kwa wasiwasi, na inapunguza pia jinsi joto linavyokusumbua. Ndiyo iliyonirudisha ubaoni.

8. Nyumbani

Sema mchana, wakati hakuna ugomvi. Mimi nilisema hivi: "Baba watoto, nikitupa blanketi usiku au nikigeukia ukuta, sijakukasirikia. Ni mwili." Akauliza, "Ni ugonjwa?" Nikamwonyesha daftari. Alilisoma lote, kurasa zote, kimya.

Ukavu ukeni una tiba. Jeli ya maji inayouzwa farmasi inasaidia, na kuna krimu ya estrojeni ya kupaka humohumo. Usiingize majani, ndimu wala sabuni. Mafuta ya kupikia hupasua kondomu. Uzazi wa mpango uendelee mwaka mmoja baada ya damu ya mwisho kama umepita miaka 50, miaka miwili kama hujafika.

9. Ukishindwa kubeba

Ukiona unakosa kula na kulala kwa siku nyingi, huwezi kutoka nyumbani, au mawazo ya kufa yanakuja, usimalize wiki ukingoja. Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha watawa wa Frères de la Charité. Kinatibu watu wanaofanya kazi na kulea watoto, wanaoingia asubuhi na kurudi nyumbani. Nilichelewa kwa kuogopa kuonekana langoni. Ukifika sema maneno matatu: umri wako, damu yako imeyumba tangu lini, na hofu inakuzuia kufanya nini. Kama una mawazo ya kujiua, liseme hilo kwanza.

Usiende peke yako. Mimi nilisindikizwa na dada yangu mkubwa. Alikaa kwenye benchi nje, daftari langu mapajani, akanipa pale jina langu lilipoitwa.